Mchimba Kisima Anaanza Upya

Ofisini walimwita Mama Kaseti, naye hakuwa na neno na jina hilo. Sebuleni kwake, pale ambapo wengine huweka makochi ya wageni, palikuwa na runinga ya kichogo, mashine tatu za gemu za zamani, na rafu iliyojaa kaseti zake, kila moja imesafishwa kwa pamba na spiriti. Mumewe alishazoea. Wageni walikaa kwenye viti vya meza ya chakula.

Kazi yake ilikuwa kuamua programu ya simu iwe na nini na isiwe na nini. Programu yenyewe ilikuwa ya wauguzi wa kliniki za wajawazito: muuguzi anampima mama, anaandika kwenye simu, rekodi inabaki. Hayo ndiyo yaliyokuwa matarajio. Ukweli ni kwamba wauguzi waliandika kwenye daftari kutwa nzima, kisha jioni, wakiwa hoi, wakanakili yote kwenye simu. Kazi moja waliifanya mara mbili, na walilisema hilo bila kuuma maneno.

Mama Kaseti aliamini anajua dawa. Aliwaeleza wenzake kwamba waliotengeneza gemu za zamani walikuwa na nafasi finyu mno, kwa hiyo kila kilichoingia kwenye kaseti kilistahili kuwamo. Sisi tuna nafasi tele, akasema, ndiyo maana tumejaza kila kitu. Kurasa kumi na nne zikapunguzwa hadi tano. Miongoni mwa zilizoondolewa ulikuwamo mchoro wa ukuaji wa mimba, kazi ya miezi minane ya mwandishi wa programu waliyemwita Mpole. Mpole alisikiliza, akafunga kompyuta yake, akaenda kunywa maji. Hakuna aliyemfuata.

Wiki sita baadaye, madaftari yalikuwa palepale. Mkurugenzi hakumgombeza. Alimuuliza tu, kwa sauti ya chini, kama ana wazo lingine, na swali hilo likamkaa rohoni kuliko ambavyo ugomvi ungemkaa.

Ni siku hizohizo mama mkwe wake alipokuja kukaa nao, akiuguza goti lililofanyiwa upasuaji. Alikuwa mkunga mstaafu. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuketi mchana, na sasa daktari alimwamuru aketi. Kufikia siku ya tatu alishasoma hata maandishi ya kwenye maboksi ya dawa. Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, alinyoosha kidole kwenye rafu akauliza yale madude yanafanya nini.

Mama Kaseti akamchagulia gemu ya mchimba kisima, kijitu chenye kofia ya njano kinachoshuka ardhini kikikwepa mawe. Hakumfundisha chochote, alikaa pembeni akatazama. Mama mkwe akabonyeza, mchimba akaangukiwa na jiwe, akafa. Akabonyeza tena, akafa tena, lakini mbele kidogo. Baada ya nusu saa alikuwa akiinamisha mwili kila mchimba alipokata kona, na ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Mama Kaseti akawaza kwamba haya ndiyo hasa aliyokuwa akiwaambia watu ofisini: kitu kikiwa na machache, mtu hujifunza mwenyewe.

Kuelekea saa sita, mama mkwe akiwa amefika hatua ya tisa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akabisha hodi. Wakaingia chumbani kulinyoosha lile goti kwa robo tatu ya saa. Huku nyuma mume, akitafuta soketi ya pasi, akachomoa waya wa mashine. Mama mkwe aliporudi, mchimba alikuwa juu ya ardhi, kama mtu ambaye hajawahi kushika sururu.

Akaiweka mezani pedi ya kuchezea. Mama Kaseti akajitetea kwamba gemu za zamani ndivyo zilivyo: hazikumbuki ulipofika, unatakiwa ukae hadi umalize.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "aliyeitengeneza hii alidhani mtu hukaa akamaliza. Mimi kazini sikuwahi kumaliza kitu bila kuitwa. Unaandika presha ya huyu, yule wa kitanda cha pili anapiga kelele. Unaacha daftari wazi, unakimbia. Ukirudi, unalikuta vilevile."

Gemu hakuigusa tena. Aliomba redio.

Jumatatu Mama Kaseti aliomba ruhusa ya kuketi kwenye benchi la kliniki moja, nyuma ya mlango, asubuhi nzima. Muuguzi wa zamu aliitwa mara kumi na tisa. Kuijaza fomu ya kumpokea mama kulihitaji dakika nne, na muuguzi yule hakuzipata dakika nne mfululizo hata mara moja. Tena kila alipoiacha simu kwa dakika mbili, programu ilijifunga ili kulinda siri za wagonjwa, ikafuta yote aliyokuwa ameandika. Muuguzi hakulalamika. Alivuta daftari. Sheria ile ya dakika mbili, Mama Kaseti aliipitisha mwenyewe.

Aliporudi ofisini aliwaeleza wenzake aliyoyaona, akakiri kwamba alikata kurasa kwa kufuata mapenzi yake mwenyewe, bila kwenda kutazama. Kisha Mpole akasema, "Sehemu ya kuhifadhi fomu iliyoishia katikati niliiandika mwaka jana. Ulisema haimo kwenye mpango."

Mama Kaseti akakumbuka. Siku ile alimjibu kwa sentensi moja, tena bila kuinua macho.

"Nilikosea," akasema. "Na mchoro wako niliutoa mbele za watu bila kukuuliza. Unataka urudi?"

Mpole akafikiri. "Hapana. Ulikuwa mzuri, lakini hakuna aliyeutumia. Ningependa tu kuambiwa pembeni."

Marekebisho yalichukua wiki tatu. Si wote waliobadilika. Katika kliniki nyingine muuguzi mkuu alikataa kata kata kuachana na daftari, kwa kuwa simu huisha chaji, na hapo hakuna aliyeweza kumbishia.

Mama Kaseti akarudi kwenye lile benchi. Muuguzi alikuwa ndiyo kwanza amempandisha mama mmoja kwenye mzani alipoitwa. Akatia simu mfukoni, akatoweka kwa dakika ishirini, akarudi mikono ya sare yake imelowa. Akaingiza namba ya siri. Fomu ikafunguka ilipoishia.

"Samahani, mama," akasema. "Tulikuwa kwenye uzito. Panda tena."