Mkono Kwenye Benchi

Kila asubuhi mkamwana wake alimfunga fundi cherehani vifungo vya shati huku akiukazia macho ukuta, naye fundi akitazama dari. Mzee aliyetilia vifungo mashati ya nusu ya mji, leo anavishwa na mke wa mwanawe! Tangu kiharusi kimlaze mkono wa kulia, aibu hiyo ilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Hospitali ya mji ilikuwa na chumba cha mtaalamu wa tiba ya shughuli, yule anayeifundisha upya mikono iliyolala kufunga vifungo na kushika kijiko. Mlango ulikuwa na kibao kizuri. Ulikuwa na kufuli pia.

"Alihamishiwa jiji kubwa, mzee," muuguzi alimwambia. "Tumeahidiwa mwingine. Vuta subira."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, binti yangu," fundi alijibu, akarudi nyumbani.

Jumatatu moja aliamka, mkono haupo. Kuanzia kiwikoni hapakuwa na kitu, wala damu, wala maumivu. Alichungulia mvunguni, kisha nyuma ya cherehani.

"Baba, mkono wako nimepishana nao barabarani," mkamwana alisema, akimwekea chai. "Unatembea kwa vidole, unaelekea hospitali. Nimeuamkia."

"Ukaitikaje?"

"Uliinua kidole kimoja."

Fundi hakuogopa, alitaka tu kujua una shughuli gani huko. Aliufuata, akaukuta kwenye benchi mbele ya kufuli, umekaa kwa adabu kati ya mkono wa seremala na mguu wa mwalimu mstaafu. Mfagiaji alikuwa akipiga deki, akivizunguka.

"Kumbe safari unaziweza," fundi aliuambia, "kazi ndiyo inayokushinda!"

Mkono ulisogea, akapata pa kukaa. Jioni walirudi pamoja, ukajipachika mahali pake, ukalala kama gogo.

Ikawa ndiyo desturi. Foleni ilikua mpaka muuguzi akalalamika kwamba anajikwaa kwenye miguu ambayo wenyewe wako nyumbani. Malalamiko yalifika kwa wakubwa, na jibu likaja kwa lori: benchi jipya, refu kuliko la zamani. Kufuli nalo lilipakwa mafuta lisishike kutu.

Baridi ilipoanza, fundi alimwelekeza mkamwana kushona mfuko wa kitambaa kizito, wenye kifungo kimoja, ili mkono usitetemeke kwenye foleni. Alimwonyesha namna ya kupitisha uzi na kuukaza. Mkamwana alijichoma sindano, wakacheka wote wawili, na kwa mara ya kwanza tangu mzee augue walizungumza wakitazamana. Fundi alifurahi mno siku hiyo.

Kesho yake mkono ulisubiri mlangoni. Mkamwana aliinama, akaufunga kifungo chake, akaufungulia mlango. Kisha akaja kusimama mbele ya mkwewe, akaukazia macho ukuta, akaanza na kifungo cha juu.