Mjane wa Radi

Mtu wa kwanza kuniuliza Jumatatu ile alikuwa Radjabu, fundi pikipiki. Nilikuwa bado nahangaika na kufuli la kibanda changu cha vitenge pale sokoni Rumonge, sijaonja hata chai, naye kasimama na mikono yake ya grisi ananichungulia usoni kama anayesoma tangazo la serikali.

"Amahoro, Mama Nour. Ni kweli banaenda Kigoma?"

"Akina nani?"

"Evariste na Népo. Evariste bamemuona jana ku parking na valizi kubwa ya safari. Banasema wanaenda kurekodi."

Nikamwambia asiguse vitenge vyangu. Habari ya Kigoma sikumjibu, maana sikuwa na la kujibu. Akaondoka anatikisa kichwa, na najua alichokwenda kusema: Mama Nour anajua ila anaficha.

Ngoja nieleze. Radi ni bendi ya watu watatu. Evariste anaimba na kupiga gitaa, Népo anapiga gitaa la besi, na ngoma alikuwa anapiga Zakaria, mume wangu. Miaka thelathini na minne wamepiga muziki wa roki katika mji ambao watu walikuwa wanataka rumba. Mwanzoni walichekwa. Baadaye ikawa hakuna harusi wala sikukuu kuanzia Kizuka mpaka Nyanza-Lac ambayo vijana hawakuwadai wazee wa Radi wapande jukwaani. Halafu mwaka jana mwezi wa tano presha ikamwangusha Zakaria wangu mbele ya nyumba, na toka siku ile Radi haijapiga hata noti moja. Haikusema imekufa, haikusema iko hai. Wale wawili walinyamaza tu, na watu wa Rumonge ukiwanyima habari wanajitengenezea wenyewe.

Mimi ni mjane wa mpiga ngoma, kwa hiyo mji mzima uliamua kwamba mimi ndiye mwenye siri. Neno "sijui" nimelisema mwaka huu mara nyingi kuliko Bismillahi, Mungu anisamehe.

Radjabu ana kundi lake la WhatsApp, linaitwa Radi Haizimi, lina watu mia mbili na kitu, na mmoja wao yuko Kanada, sijui anakula nini huko ila kila usiku ana maoni. Jirani yangu wa sokoni, Chanceline anayeuza vocha za simu, alikuwa ananisomea waliyoandika. Ndevu za Evariste peke yake zilijadiliwa miezi mitatu. Mtu ambaye tumemjua kidevu chake ni laini tangu ujana, ghafla kaachia ndevu na nywele kama kichaka. Nusu ya kundi wakasema ndiyo sura ya albamu mpya. Nusu wakasema amesilimu, kwa sababu kuna Ijumaa alionekana amesimama nje ya msikiti akiongea na imamu. Fundi mmoja wa umeme aliingia kwa Népo akakuta gitaa la besi limetundikwa ukutani halina nyuzi hata moja. Basi! Wengine wakasema analiuza, wengine nyuzi mpya zinatoka Ulaya, na yule wa Kanada akaandika kwamba Radi sasa itapiga muziki bila besi, ndiyo mtindo wa siku hizi.

Mwanzo nilicheka. Baadaye nikaanza kumwambia Chanceline asome polepole. Na mwisho, nitasema tu, nilianza kuamini. Waliposema Desemba, nami nilingoja Desemba. Nilipiga pasi shati jekundu la jukwaani la marehemu, nikaliweka kitini, nikakaa nalitazama. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, naona aibu hata kulisimulia.

Kisa cha kuhangaika hivyo kilikuwa sebuleni kwangu. Seti ya ngoma ya Zakaria ilikuwa pale alipoiacha: ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, ndogo tatu, na matoazi mawili. Imekula nusu ya chumba. Wageni wanakaa upande kama wako kwenye basi. Kila Ijumaa nilikuwa naifuta vumbi, na kila nikiifuta toazi linalia kidogo, nami ninalia zaidi kidogo. Binti yangu Nour, aliyeolewa Bujumbura, alishaniambia mara kumi niitoe. Jumatatu ile ile ya Radjabu, mchana, akaja msichana mmoja mpole anaitwa Ineza, kiongozi wa kwaya ya Gatete. Akaomba ngoma zile kwa mikono miwili. Alisema wataziheshimu, na wakiziimbia watamtaja marehemu.

Nikamwambia aje Jumamosi na gari.

Kwa hiyo nilikuwa na siku tano. Kama Radi inarudi, ngoma hizi ni zake na Ineza angeondoka mikono mitupu. Kama Radi imekwisha, nizifute vumbi kwa ajili ya nani? Nilihitaji neno moja tu, ndiyo au hapana, na kutoka kwangu mpaka kwa Evariste ni mwendo wa robo saa.

Sikwenda. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo siikani hata leo. Wanaume wale wamekula kwangu miaka ishirini na sita. Nimewafulia mashati yenye jasho, nimewapikia samaki wa mukeke saa wanazozijua wao. Walikuja kwenye mazishi, wakaja kwenye hitima ya arubaini, wakakaa mkekani karibu na mlango, wakala, wakanyanyuka, na toka hapo hakuna aliyekanyaga kizingiti changu. Karibu miezi kumi na mbili. Tukikutana njiani wanainamisha kichwa, "Amahoro, shemeji," na miguu haisimami. Nikasema moyoni, wakitaka neno lolote nami, nyumba wanaijua.

Kosa langu la pili lilikuwa kumwambia Chanceline habari ya Jumamosi. Kabla ya jioni kundi liliwaka moto. Mjane anatoa ngoma! Hapana, ngoma zinapelekwa studio Kigoma. Hapana, mpiga ngoma mpya anatoka kwenye kwaya, kwa hiyo Radi imeokoka na itaimba injili. Sasa Evariste alikuwa amesilimu na ameokoka kwa pamoja. Alhamisi akaja mtu kutoka Nyanza-Lac, simjui, akapiga picha geti langu akaondoka. Mimi mwenyewe nilipotoka kwenda kuteka maji nililitazama lile geti, nikajiuliza yeye ameona nini ambacho mimi sikioni.

Jumamosi saa tatu asubuhi gari la kwaya likafika, na nyuma yake mashabiki kama thelathini, Radjabu mbele. Nikaliingiza gari uani, nikafunga geti mashabiki wabaki nje. Watu wa Ineza wakaanza na matoazi, wakafuata ngoma ndogo. Ile kubwa ilikuwa imefika mlangoni nilipomsikia Radjabu anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni wazee!"

Nikafungua kidogo, wakaingia wawili. Evariste ndevu zimefika kifuani, Népo ameshika kofia mkononi. Evariste alikuwa anahema.

"Mama Nour, tafazali. Usizitoe. Bado hatujaganduka."

Nilimtazama kama mtu aliyeongea Kichina. Kuganduka ninakujua, nani asiyekujua hapa. Wenzetu Wakristo na watu wa vilimani hawamalizi msiba kwa siku chache. Wanangoja mwaka, halafu familia inawaita watu, wanaanua matanga rasmi, na siku hiyo ndipo mali ya marehemu inaguswa na mambo yake yanaamuliwa. Lakini Zakaria alisilimu aliponioa. Jina lake halikuhitaji hata kubadilishwa. Tulimzika Kiislamu.

"Kuganduka gani?" nikasema. "Mimi msiba wangu uliisha zamani! Arubaini mlikuwepo. Eda yangu nimeimaliza mwezi wa tisa mwaka jana!"

Evariste akamtazama Népo. Népo akatazama kofia yake.

"Imeisha?" Népo akasema.

"Imeisha!"

"Sisi tulikuwa tunangoja wewe utuite," Evariste akasema polepole. "Mwenye nyumba ndiye anaita watu. Mwaka ukatimia, mwezi wa tano, hujaita. Tukasema labda Mama Nour bado iko na maumivu, tusimuharakishe. Mimi kunyoa siwezi. Népo alitoa nyuzi siku ya mazishi, hawezi kuzirudisha. Zakaria alikuwa ndugu yetu, hata kama alisali kwingine."

"Na kunitembelea? Hata hodi? Kuganduka kunakataza hodi?"

Hapo akashika ndevu zake.

"Nilienda kwa imamu. Nikamuuliza, naweza kuja kumusalimia shemeji? Akaniambia mujane iko mu eda, mwanaume wa nje asiingie mpaka imalizike. Tukakaa. Tulihesabu miezi, tukahesabu vibaya, tukaogopa kuuliza tena. Halafu tukasema, wacha tungoje kuganduka, siku hiyo tutaingia bila kosa."

Nilitaka kumpiga, nilitaka kucheka, sikujua nianze na lipi. Miezi minne na siku kumi waliheshimu dini yangu, na miezi yote iliyobaki wakaheshimu desturi yao, na mimi katikati nikifuta vumbi. Waliniheshimu mpaka wakaniacha peke yangu. Nilimwambia hivyo hivyo, na sikuteremsha sauti, hata wa getini wakasikia na hawakuelewa kitu.

Népo akaanza kulia, mwanaume mkubwa vile.

Wa kuulizwa juu ya matanga alibaki mmoja tu, Kankindi, dada yake Zakaria wa Kizuka. Nikampigia simu, nikaiweka sauti ya nje. Akasema alidhani mambo ya matanga ni yangu, kwa kuwa kaka yake alikwenda dini ya mkewe, na yeye hakutaka kuonekana anaingilia. Alikuwa ameumia mwaka mzima kwamba sikumwita. Nikamwambia nami nimeumia kwamba hakuja.

"Basi muganduke," akasema. "Mimi nimeruhusu. Nitafika kesho na ndizi na kuku, tufanye na watu."

Nikafuta macho kwa upande wa mtandio. Nikawageukia wale vijana wa kwaya walioduwaa na ngoma kubwa mlangoni.

"Irudisheni ndani. Na zilizo kwenye gari, shusheni. Ineza mwanangu, unisamehe. Wenyewe wamekuja."

Nilikuwa na furaha, lazima niseme. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe nilisikia kichwani ngoma ya mguu ikigonga. Nilikuwa tayari nafikiria lile shati jekundu nani atalivaa.

"Shemeji," Evariste akasema. "Acha ziende."

Nikadhani sijamwelewa.

"Tulikuwa tunangoja siku hii tuweze kusema. Mu msiba mutu haamui kitu. Sasa umetufungulia. Tunaacha. Vidole vya Népo havikunjiki asubuhi. Na mimi nikifungua mdomo kuimba, ninangoja Zakaria anipe mwanzo, na hakuna mwanzo. Tulitaka kuacha kwa ruhusa yako. Siyo kukukimbia."

"Na Kigoma? Valizi?"

"Mashuka ya mutoto wangu aliyetoka hospitali," akasema. "Kigoma nitafanya nini?"

Mwaka mzima mji mzima, mimi na yule wa Kanada pamoja, tulijiuliza wanangoja nini ili warudi. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba wanangoja ruhusa ya kuondoka. Nilitaka kuwaambia hapana, siwafungulii, mtapiga mpaka mfe. Nikamtazama Népo anavyojaribu kushika kofia kwa vidole vinavyokataa.

"Pakieni," nikawaambia wa kwaya.

Nilishika ile kubwa upande mmoja, Evariste upande wa pili, tukaitoa. Nilifungua geti mwenyewe. Watu wakasogea, simu juu, zote zinanitazama. Radjabu akauliza kwa niaba ya wote.

"Mama Nour, wamesema nini?"

Safari hii nilikuwa najua.

"Wameacha," nikasema. "Radi imekwisha. Wamechoka, wanamwacha Zakaria apumzike. Ngoma zinakwenda Gatete, zitapigwa kanisani. Ndiyo hivyo, hakuna kingine."

Halafu mtu wa nyuma akasema hiyo ni mbinu, watatokea Desemba bila kutangaza. Mwingine akasema msikilizeni vizuri, hakusema wameacha kupiga, amesema wamechoka. Chanceline alikuwa anaandika kwa vidole gumba viwili, na niliona alichoandika: *Mjane athibitisha, Radi kupiga na kwaya ya Gatete.* Sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya simu. Gari likawaka, likaondoka kuelekea barabara kuu, nusu ya watu wakalikimbilia.

Radjabu hakukimbia. Alibaki pale getini anajifuta grisi kwenye suruali, hanitazami.

"Na wewe, Mama Nour?" akasema. "Wewe sasa unapanga nini?"

Mwaka mzima na mwezi mmoja, watu wote wale, na hilo lilikuwa swali la kwanza lililonihusu mimi. Nikageuka nikaitazama ile sebule, nusu yake tupu, na Evariste na Népo wamesimama katikati hawajui wakae wapi.

"Sijui," nikamwambia. "Wallahi, Radjabu, hilo ndilo sijui kabisa."