Donge la Mwisho la Saladi

Pale maabara wananiita Mzee Funika. Miaka ishirini na mitatu nimewapigia watu kelele: funika chupa, hewa ni adui! Hata tangazo la mlangoni nililibandika mimi. Kwa hiyo leo asubuhi nilipokuta ukungu wa kijivu ndani ya chupa namba tisa, sikuwa na wa kumsingizia.

Chupa hiyo ilikuwa na saladi aliyokuwa akiilima mke wangu. Alipofariki aliacha mbegu chache kwenye bahasha, nikazileta kazini. Mkemia wetu, binti ambaye ningeweza kumzaa, alitaka kujua kama zile kemikali chungu za utomvu wa majani zimo pia kwenye mbegu. Kupima ni kusaga. Nikampa karibu zote bila wasiwasi, kwa sababu zilizobaki nilikuwa nimeziotesha, nikakata vijani vyake na kuvikuza kwenye chupa. Wenyewe tunaiita tishu: donge jeupe lisilo na mzizi wala jani, linaloishi kwa sukari tunayolilisha. Ukilitunza, siku moja huchipua. Mengine yalikufa mapema, likabaki hilo moja.

Nyumbani siku hizi anayenisalimu ni redio. Nilikuwa nawahi kazini ili nikae kidogo na lile donge. Nimkumbuke na nani mwingine?

Wiki iliyopita majibu yalitoka.

“Mbegu zinazo, ila kidogo,” mkemia aliniambia. “Tishu haina kabisa, mzee. Majani bado haina, hiyo kemikali itaitoa wapi?”

Nilikasirika kama mtu aliyetukaniwa mke. Haina? Saladi iliyokuwa ikinikunja uso kila mlo? Alipokwenda kunywa chai niliifungua chupa palepale mezani, nje ya kabati la hewa safi tunamofungulia chupa, nikamega chembe kwa ncha ya kisu na kuiweka ulimini. Sukari tupu. Nikafunika haraka, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Na sasa mkemia alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Nani kaifungua hii?”

“Mimi.”

Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alivaa glavu, akaliingiza donge kabatini, akajaribu kukata sehemu iliyo nzima. Hakuipata. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani.

“Basi tuanze upya,” alisema kwa upole. “Majirani gani walipewa mbegu?”

“Hakuna.”

“Hata mmoja? Mama amelima miaka yote hiyo?”

“Waliomba sana. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia saladi yetu itachanganyika na za kwao, iharibike.”

“Akakubali?”

“Aliniamini. Si mimi ndiye mtu wa maabara?”

Mkemia alivua glavu moja, akabaki na nyingine mkononi. “Lakini mzee, saladi hujichavusha yenyewe. Hata ukizipanda jirani, ni nadra kuchanganyika.”

“Najua.”

“Umejua lini?”

“Nilijua siku ileile nilipomwambia. Sikutaka tu watu wawe wanatubishia hodi kila saa.” Nilishindwa kumtazama. “Na hawabishi, binti yangu. Mwaka mzima sasa, hawabishi.”