Nyumba Pana ya Mkoba

Nilimtoa panya kwenye maji ya moto kwa koleo ndefu, nikamkausha, kisha nikamgusisha kiganja kuona kama joto lake limefika. Lilikuwa limefika. Kichwa kiwe na joto kuliko mwili, ndivyo mama alivyonifundisha, kwa sababu chatu wa aina hii huhisi joto kabla hajaona kitu. Nikafungua kioo taratibu, nikamsogeza panya mbele ya Mkoba na kumtikisa kidogo, kama anayetembea.

Mkoba alitoa ulimi mara mbili. Halafu akarudisha kichwa nyuma, akakificha katikati ya mikunjo yake, akawa tena kitu cha mviringo, cha kahawia na madoa meusi, mfano wa mkoba wa mwanamke uliosahauliwa kwenye kiti. Jina lake lilitoka hapo.

Ilikuwa wiki ya kumi na moja bila kula.

Nilisubiri hadi panya akaanza kupoa. Asubuhi nilikuwa nimempima kwenye mizani ya jikoni: gramu elfu moja mia saba na thelathini. Siku mama alipoondoka humu, Mkoba alikuwa na elfu moja mia tisa na ishirini. Daktari wa mifugo alikuwa ameniambia kwamba akishuka chini ya elfu moja mia saba, itabidi alishwe kwa mrija, na kwa umri wake hakutaka kuniahidi kitu.

Umri wake ninaujua vizuri, maana nilikuwa darasa la tatu alipoingia nyumbani. Jirani yetu, mwalimu wa biolojia, alipata uhamisho, akamwomba mama amtunzie boksi moja. "Wiki mbili tu, mama watoto." Wiki mbili hizo hazijaisha hadi leo. Mama alikuwa dobi wa hospitali, na habari za nyoka hakuwahi kuzisoma popote. Alichofanya ni kumwangalia. Kila jioni alikaa kwenye stuli na kumwangalia anapenda nini na hapendi nini, akabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, hadi akamjua. Miaka michache baadaye watu wakamletea wa pili, dume mwembamba tuliyemwita Kamba.

Waliishi kwenye kabati kuukuu la shuka ambalo mama aliomba lilipokuwa linatupwa na hospitali, kila mmoja na droo yake. Gazeti chini, bakuli zito la maji mbele, pedi ya joto nyuma, na chungu kilichofunikwa chenye mlango mdogo wa kuingilia. Jumamosi ya kulisha ilikuwa kama siku ya mtihani. Redio ilizimwa. Mimi na dada tulivua viatu. "Msitembee kama askari wa gwaride," mama alinong'ona, "hawa wanasikia kwa tumbo." Kwenye friza kulikuwa na kopo lililoandikwa kwa mkono wake: Usiguse, si yako. Mjomba mmoja hakulijali onyo hilo, akafungua akitafuta nyama, akakutana na panya waliogandishwa. Tangu siku hiyo akija kutusalimia alikaa barazani. Wenzangu wa shule nao waliogopa kuja kwetu, ila hatukuwahi kuibiwa hata ndoo.

Sijui ni lini niliacha kuwaona kama nyoka. Walikuwa harufu ya gazeti, na kimya cha Jumamosi, na mgongo wa mama umeinama juu ya droo.

Mama alipoanguka na kuvunjika nyonga, dada alimchukua akakae kwake, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Kabla ya kuingia kwenye gari mama alinishika mkono. "Usibadilishe kitu, baba."

Nikabadilisha.

Kazi yangu ni makochi. Nilijifunza mwenyewe, kwa kubomoa makochi mabovu na kuyarudisha, na katika kazi hiyo nimeamini jambo moja: hakuna anayestarehe mahali panapombana. Niliona vibaya mzee kama Mkoba kulala kwenye droo kama soksi. Nikawajengea makabati mawili ya vioo, kila moja mita moja na nusu, yenye taa na tawi la kupandia, nikayaweka sebuleni penye mwanga. Kamba alikula tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo nikajiambia kasoro haiko kwenye nyumba. Droo za zamani nikazipeleka karakana yangu, nyuma ya nyumba, nikaziba matundu yake ya hewa, nikazijaza misumari midogo.

Kila Jumamosi mama alipiga simu. "Amekula?" Mara mbili nilisema bado. Mara ya tatu, kabla hajamaliza kuuliza, nikasema, "Amekula, mama."

Basi siku hiyo nilikuwa bado nimeshika koleo, panya ameshapoa, nikasikia gari la dada nje. Halafu fimbo ya mama sakafuni.

"Tumekuja bila taarifa," dada alisema mlangoni. "Kanisumbua tangu juzi. Eti sauti yako haimpendezi." Akatazama sebule, akacheka. "Fundi! Hata nyoka umewafanyia seti ya sebuleni? Kumebaki kuwatandikia vitambaa."

Mama hakucheka. Alikuwa akitazama koleo.

"Mara ngapi umeniambia amekula?"

"Mara nane."

"Amekula mara ngapi?"

"Hata moja, mama. Nilidhani utaugua."

Akakaa kwenye kiti, taratibu, mguu mmoja ukiwa umenyooka. "Mimi nimevunjika nyonga," alisema. "Masikio yangu yako salama. Ungeniambia."

Alisogeza kiti mbele ya kioo na kumwangalia Mkoba, kama zamani, robo saa nzima. Dada alivua viatu bila kuambiwa.

"Umempa ukumbi," mama alisema mwishoni. "Huyu asipoguswa na ukuta pande zote hajui kama yuko kwake. Tazama, hana pa kujificha, kila mtu anamwona. Wewe ungekula umesimama katikati ya uwanja wa mpira?"

"Mbona Kamba anakula?"

"Kamba mlafi. Kamba angekula hata sokoni. Droo ya Mkoba iko wapi?"

Nilimwambia. Akachukua fimbo yake, akaelekea mlangoni.

Tulikwenda karakana wote watatu. Nilimwaga misumari kwenye ndoo, nikaipeleka droo dirishani. Kwenye ubao wa chini, upande wa nyuma, palikuwa na duara lililofifia na kulainika, upana wa sahani, mahali alipolala Mkoba miaka yote. Karibu miezi mitatu nilikuwa nikimwaga misumari juu yake na sikuliona. Pembeni kulikuwa na tarehe za penseli, za kila alipojivua gamba, kwa mwandiko wa mama. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka niliokuwa darasa la tatu.

"Sabuni ya kipande, maji ya moto, usitie dawa yoyote," mama alisema. Nikasugua. Dada, ambaye siku zote huapa kuwa hapendi nyoka, alirudi sebuleni, akamnyanyua Mkoba kwa mikono miwili, akamletea mama. Mama alitoa foronya kwenye mkoba wake, ikiwa imekunjwa mara nne kidobi, akamtelezesha ndani, akafunga fundo na kumweka kwenye beseni.

"Atalala humo leo. Akihamia droo, siku tano asiguswe, asichunguliwe. Ndipo umpe panya."

"Na asipokula?"

"Sijui," alisema. "Ndiyo maana siondoki mpaka nione."

"Mama! Nani atakupikia huku?" dada aliuliza.

"Huyu aliyenidanganya."

Nilichukua keekee ya mkono, ya kutobolea mbao, nikaanza kuyafungua matundu niliyoyaziba, moja baada ya jingine, nikifuata alama za zamani. Yalikuwa ishirini na manne. Mama alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akishikilia beseni mapajani. Nilipofika la tisa akainua kidole.

"Acha. Ubao bado una maji, utapasuka. Na yeye anasikia."

Nilitazama foronya. Ilikuwa imetulia. Nikatia alama ya penseli kwenye tundu la kumi, nikapangusa unga wa mbao, nikaiegemeza droo ukutani ikauke mpaka kesho.