Jeti Isiyo na Tundu

Fundi alizipanga jeti kwenye kisosi cha mkewe, kubwa kushoto, ndogo kulia. Ni vijipande vya shaba, kila kimoja na tundu jembamba la kupitishia mafuta kutoka kwenye kabureta kwenda kwenye injini. Tundu likiwa kubwa mno, mashine inalewa mafuta na kutoa moshi mweusi. Likiwa dogo mno, inachemka na kukosa nguvu. Kulipata la kadiri ndiyo kazi yenyewe, na kwa pikipiki kuukuu kama ile, ambayo waliiunda watu waliokwisha kufa, hakuna wa kumuuliza. Unatia jeti, unawasha, unafungua plagi na kuitazama rangi yake. Kama ni nyeusi, unarudi kwenye kisosi.

Pikipiki ilikuwa ya baba mkwe wake. Mzee aliinunua ujanani, akaenda nayo posa, akambeba nayo bibi harusi, kisha akaiendesha kwenda kazini kwenye kiwanda cha rangi mpaka walipomstaafisha kwa sababu ya kifua. Sasa alikaa kwenye kiti uani, mto mgongoni, akiifuatilia kazi kwa masikio. Alikohoa, akajifuta kwa leso, akaitazama.

"Leo wanapika kijani," alisema.

Leso ilikuwa na doa la kijani. Binti yake, ambaye ndiye mke wa Fundi, alitoka ndani akaanua mashuka yaliyokuwa yameanza kushika rangi hiyohiyo. Alisema afadhali jana, walipika nyeupe.

Walikuwa wamekubaliana kwamba mzee ahamie kwa dada yake, ng'ambo ya vilima, ambako moshi wa kiwanda haufiki. Mzee aliweka sharti moja tu: angeondoka kwa pikipiki yake mwenyewe, akiwa ameketi nyuma ya mkwewe.

"Sitoki hapa nimepakiwa kwenye gari la mizigo," alisema, akapumzika kidogo, "kama kabati."

"Kabati lingekuwa halibishani," alisema binti yake.

"Mashine hii inataka jeti namba mia na ishirini," mzee alimwambia Fundi. "Ndiyo iliyokuja nayo."

Fundi alitia mia na ishirini. Pikipiki ikapiga chafya na kufuka moshi mweusi. Akatia mia na kumi, kisha mia, kisha tisini. Akasafisha kichujio cha hewa, akaishusha sindano ya kabureta, akabadilisha plagi. Kila alipoifungua plagi ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Alitia jeti ya mashine ya kukatia majani, ambayo tundu lake halipitishi hata unywele, na moshi ukapungua tu kidogo. Mwishowe alichukua jeti moja nzee, akaliziba tundu lake kwa risasi ya kulehemu, akalipiga msasa, akaifunga jeti mahali pake.

Aliipiga kiki. Ikawaka palepale, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Fundi alifunga koki ya mafuta. Ikaendelea. Akachomoa mpira wa mafuta kabisa. Ikaendelea. Alipoizima na kufungua plagi, ilikuwa na rangi ya biskuti, rangi ambayo mafundi huitafuta maisha yao yote.

"Inakula upepo, baba," alisema.

"Upepo gani, mwanangu? Hiyo ni thina ya kuyeyushia rangi ya kule." Mzee alielekeza kidevu upande wa kiwanda. "Nimeivuta miaka yote. Hata mimi ukinifunga plagi nitawaka."

Mkewe Fundi ndiye aliyesema hilo wakaonyeshwe wenye kiwanda. Basi Fundi akaipanda pikipiki mpaka kwenye geti la kiwanda, na kadiri alivyokaribia ndivyo mashine ilivyozidi nguvu, hata akalazimika kuishika breki. Meneja alitoka akiwa na shati jeupe, akainama, akatazama mpira wa mafuta unaoning'inia.

"Haina mafuta kabisa?"

"Haina. Ni hewa ya mtaani kwetu inayowaka humu. Na hewa hiyo watu wanaivuta, Meneja. Baba mkwe wangu alifanya kazi hapa, sasa hamalizi sentensi."

"Mzee yule namkumbuka. Mpe pole zangu." Meneja alisikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unajua, Fundi, ni mitaa michache sana yenye bahati ya namna hii."

Kesho yake kiwanda kilitundika bango getini: TUNAUENDESHA MTAA. Lilichorwa vizuri, na rangi haikuwa tatizo.

Pikipiki ilikuwa tayari, lakini dada yake mzee alituma ujumbe kwamba chumba cha mgeni kimeezuliwa na paa linatengenezwa, wasubiri kidogo. Wakasubiri. Katika kusubiri huko akaja Chapchap, dereva wa pikipiki za abiria aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa hachelewi popote isipokuwa kanisani. Alikuwa amelisoma bango.

"Na mimi nizibie jeti," alisema. "Mafuta yanatumaliza."

Fundi akamzibia. Akaja mwenzake, kisha wenzake wote, kisha mwenye mashine ya kusaga, kisha mwalimu na skuta yake. Foleni ikafika barabarani. Fundi aliwazibia kwa sababu waliomba, na kwa sababu kazi ni kazi. Mkewe alimtazama kutoka mlangoni, bakuli la maji ya moto la baba yake mkononi.

"Hao unawazibia matundu," alisema. "Baba utamzibulia nini?"

Fundi alishika jeti nyingine kwa koleo, akaipasha moto.

Kisha tangi kubwa la kupikia rangi likapasuka ufa, na kiwanda kikasimama. Bomba lake la moshi likabaki limesimama angani bila kitu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Pikipiki zilizimika pale zilipokuwa: sokoni, njia panda, nyingine katikati ya mlima na abiria mgongoni. Wenye nazo waliziegesha wakaenda kwa miguu.

Siku ile mzee alikohoa, akatazama leso, ilikuwa haina kitu. Akaomba chakula. Akala, akaongezwa, akala tena. Kisha akainuka bila kushikwa, akatembea mpaka langoni, akarudi, akaketi na kuanza kuwasimulia jinsi marehemu mkewe alivyoanguka kutoka kwenye pikipiki siku ya harusi, shela ikiwa imekamatwa na mnyororo, na jinsi alivyoinuka, akajipangusa vumbi na kusema kama ndoa ndiyo hii basi ameshaianza. Aliisimulia yote bila kupumzika. Binti yake alikuwa akichambua mchele. Alisimamisha mikono ndani ya ungo na kumsikiliza. Hakuwahi kuisikia mpaka mwisho.

Ujumbe ukaja kwamba paa limekamilika, njooni.

"Twende leo, baba," alisema binti. "Nimeshakufungia nguo."

"Niende wapi tena?" alisema mzee. "Hewa yenyewe imenifuata nyumbani. Fungua, fungua hizo nguo."

Fundi alikuwa ameshairudishia pikipiki jeti yake ya mia na ishirini na kutia mafuta. Ilikuwa inanguruma pale uani, plagi rangi ya biskuti, kama mzee alivyosema tangu mwanzo. Mzee alisikiliza, akafurahi, akasema yuko nyumbani kwake na haendi popote. Binti yake alifungua nguo.

Madereva hawakuwa na furaha hiyo. Fundi alipita akiwaambia wamletee jeti azizibue, bila malipo.

"Halafu mafuta nani atanunua?" aliuliza Chapchap. Hakuuliza kwa ubaya.

Walikusanyika, wakaenda getini. Mwenye mashine ya kusaga alikuwepo, mwalimu alikuwepo. Fundi naye alikwenda, ili kusema lake. Walimpa nafasi, wakamsikiliza alivyoeleza habari za mzee, leso na chakula. Alipomaliza, baadhi walifuta macho. Kisha mwalimu akamshika bega.

"Tunakushukuru, Fundi. Ila wewe ndiye uliyetufundisha kuendesha bila mafuta."

Meneja alitoka akaona umati unaoomba moshi, akaguswa. Aliahidi kwamba ufa utalehemiwa haraka, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya kiwanda kile ahadi ilitimizwa.

Mzee alikuwa akisimulia habari nyingine, ya ng'ombe wa jirani yao wa zamani, bomba lilipoanza kutoa moshi tena. Alifika pale ng'ombe anapoingia sebuleni, akanyamaza. Binti yake alikimbilia mto. Huko barabarani pikipiki zilizoachwa bila kuzimwa swichi ziliamka zenyewe, moja baada ya nyingine.

Fundi aliisukuma pikipiki mpaka kwenye kiti. Akamwinua mzee, mkewe akashika upande wa pili, wakampandisha. Akateleza. Wakampandisha tena, wakamfunga kwa kanga kwenye mgongo wa Fundi, na Fundi akahisi kifua kile kikihangaika mgongoni mwake, kikivuta na kukosa. Aliipiga kiki, ikapiga chafya na kuwaka, akatia gia. Walifika langoni tu, kichwa cha mzee kikalala begani mwake kama mzigo, na mkewe akapaza sauti kwamba asimame. Wakamrudisha kwenye kiti. Rangi ya midomo yake ilirudi baadaye kidogo, lakini si yote.

Chapchap alipita na abiria wawili. Alipomwona mzee uani alipunguza mwendo, uso wote ukicheka.

"Shikamoo, mzee! Kiwanda chetu kimerudi!"

Mzee alifungua mdomo. Alijaribu, akainua mkono, mkono ukabaki hewani. Chapchap alikuwa kijana mwenye adabu. Aliisimamisha pikipiki akangoja, mguu mmoja chini, kwa sababu hawezi kumpita mtu mzima kabla hajaitikiwa.

"Marahaba," alisema Fundi, kwa niaba yake.

Chapchap akapiga honi, akaenda zake.