Mama Mkwe Kwenye Mayungiyungi

Tulipohamishiwa kijijini mwaka sabini na nne, nyumba zilipangwa mstari mmoja, na mama yangu, Kwandu, akajikuta jirani kabisa na mume wangu Malimi. Taabu gani ile! Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kugusana. Mama akitoka kufagia, Malimi anarudi ndani.

Njaa ilikuwa kali. Mimi na mama tukaenda mbugani, upande wa Kasoli, kuchimba viazi vya yungiyungi majini. Kiazi chenyewe hukioni. Unalifuata bua la ua kwa vidole vya mguu hadi chini topeni, ndipo unakichokonoa kwa kisigino. Mama alifuata ua moja la zambarau kupita matete, akazama hadi kiunoni.

"Sayi!" akaniita. "Miguu haishiki chini!"

Nilikuwa na mimba kubwa, ningemvuta vipi? Nikapiga yowe. Aliyekuja mbio ni Malimi, alikuwa akichunga karibu. Alipoona ni nani, akageuza mgongo, akarusha kamba ya ng'ombe nyuma yake. Mama akaishika, ikamponyoka kwa utelezi. Tope likamfika kifuani.

"Mwambie mama yako nitamshika makwapani," Malimi akaniambia.

"Mwambie mumeo afadhali nife!"

"Mayu, mama yangu, utakufa kweli!" nikalia.

Malimi akasema, "Basi mwambie afumbe macho. Na mimi nafumba."

Wakafumba. Mimi ndiye niliyeona kwa niaba yao. "Mbele kidogo. Kulia, Malimi, hayo ni matete! Haya, inama."

Akamkamata, akavuta, tope likatoa mlio mzito, na mama akachomoka. Wakaanguka wote kwenye nyasi.

"Mwambie mikono yake migumu kama plau," mama akasema, akihema.

"Mwambie naye mzito, kwa mtu mwenye njaa."

Nikacheka huku nalia, nimeshika tumbo.

"Nifumbue?" Malimi akauliza.

"Bado! Ngoja nijifunge kaniki!"

Alipokwisha kujifunga, Malimi akasimama, mgongo kwetu. "Sasa wazee watataka mbuzi wa kuondoa aibu. Nimtoe wapi?"

"Kwani nani ameona?" mama akauliza.

"Mimi, Mayu."

"Wewe ulikuwa unatazama maua."

"Ndiyo, Mayu. Nilikuwa natazama maua."

Nikaushika mkono wa mama, umejaa tope lakini una joto, na sikuuachia mpaka mlangoni kwake.