Bomba Lililosingiziwa

Siku nne mfululizo mke wa fundi alipiga pasi kwa hasira, mpaka akaunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu aanze udobi. Wala hasira yenyewe haikuwa ya kola. Ilikuwa ya mtu mmoja anayetembea na kipima joto kiunoni kama askari na bastola yake, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Vipimo.

Mwanamke huyo na mumewe walifanya kazi chini ya bati moja, upande huu meza yake ya pasi, upande ule spana na makopo ya mafuta. Kwa hiyo yote aliyaona kwa macho yake. Alimwona mumewe akimaliza kuisuka upya injini ya pikipiki ya silinda mbili, kongwe kuliko ndoa yao. Aliisikia ikiwaka kwa teke la kwanza, mwenye pikipiki akicheka peke yake kama aliyepata mtoto. Kisha akamwona Bwana Vipimo akipita, eti anasalimia tu, akichomoa kidude chake kinachopima joto kwa mbali bila kugusa, na kuyalenga mabomba mawili ya moshi. La kushoto, nyuzi mia na tisini. La kulia, sabini.

"Silinda ya kulia haichomi, mzee," alisema mbele ya mwenye mali. "Mkono umechoka. Si kosa lako, ni umri."

Umri! Na huyu ndiye aliyefika hapo miaka ile hajui bisibisi wala koleo, akafundishwa na huyo huyo mzee, akala sahani moja na watoto wa nyumba hii. Mke wa fundi alitamani kumtupia pasi ikiwa na mkaa wake.

Mumewe hakubisha, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alifungua kabureta, akasafisha vitundu vyake kwa unywele wa waya. Akabadilishana plagi, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Akapima upya nafasi za valvu. Kila jioni Bwana Vipimo alirudi, akalenga, akatikisa kichwa. Sabini, sabini tena. Usiku mzee alilala ameuelekea ukuta, na siku ya nne asubuhi akalifunga sanduku lake la spana kwa kamba.

"Nimemwambia kijana aje alichukue leo; akija, mpe," alimwambia mkewe. "Litamfaa yeye."

"Nimpe mwenyewe kwa mkono wangu?" aliuliza mkewe.

Bwana Vipimo akaja saa nne na mkokoteni, akalipakia sanduku mwenyewe. Hana haya. Mzee akaomba kuiwasha pikipiki mara moja ya mwisho, ikanguruma dakika kadhaa, kidude kikalengwa. Mia na tisini. Sabini.

Ndipo mke wa fundi alipoiacha pasi. Alichovya vidole kwenye bakuli lake la maji ya kunyunyizia nguo, akavuka upande wa pili, akanyunyiza bomba la kushoto. Chss. Akanyunyiza la kulia. Chss, ile ile, tone likapotea kabla ya kuteleza.

"Hili ndilo la sabini?" aliuliza.

"Mama, hiki ni kipimo cha kisasa."

"Mwanangu, mimi napima pasi kwa kidole tangu hujaota meno. Maji hayalii hivyo kwenye kitu cha sabini. Shati lenyewe lisingenyooka."

Mzee alizima injini akapiga magoti. Alitazama bomba la kushoto, lililofubaa kwa kutu na moshi wa miaka. Akatazama la kulia, akaiona sura yake mwenyewe humo.

"Hili nani kalisugua?"

Mke wa fundi akajifuta vidole kwenye kanga. "Mimi. Jumatatu asubuhi. Nilitaka mwenye pikipiki akija ayakute yanang'aa yote mawili, wateja wakanijia nikiwa nimemaliza moja."

Mzee alinyanyuka, akakwangua masizi kwenye kitako cha sufuria ya kuchemshia maji, akayakanda na tone la mafuta, akapaka alama ya ukubwa wa sarafu kwenye bomba linalong'aa. Akaiwasha tena pikipiki, wakangoja joto lipande.

"Lenga hapo penye weusi," alisema.

Bwana Vipimo akalenga. Mia na themanini na nane. Akasogeza kidude kidole kimoja pembeni, penye kung'aa. Sabini. Akarudi kwenye weusi. Akakigonga kidude kiganjani, akajiumauma.

"Labda betri."

"Betri," mzee alirudia. Sauti yake ilikuwa ndogo, yenye ghadhabu. "Kidude chako kinadanganywa na chuma kinachong'aa, nami siku nne nimeifungua injini nzima. Siku nne nimeyaamini macho ya hicho kidude, nisisogeze hata kiganja changu karibu na bomba. Ulijua naionea aibu mikono yangu, ukanipakia aibu nyingine."

Bwana Vipimo aliinama kushika mkokoteni wake. Sanduku lilikuwa tayari juu yake.

"Lirudishe ulipolitoa," mzee alisema.

Akalirudisha kwa mikono miwili, akaondoka na mkokoteni mtupu. Mzee alihangaika na fundo la kamba, kwa kuwa vidole vyake kweli vilikuwa vimeanza kutetemeka, siku hizi. Mkewe alisimama pale pale bila kumsaidia. Alingoja mpaka fundo likafunguka mikononi mwa mumewe, ndipo akarudi kwenye pasi.